Lugha ya Kuibia Maembe

Machakos mjini,
3 Mei 2025

Kwa Dada Nzilani,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mwaitu. Mama yetu hajui kwamba nakuandikia, lakini angejua angedai salamu zake zitangulie. Mimi mdogo wako ni mzima. Natumaini huko unovisi, mnakolelewa kuwa masista, wanakulisha vizuri na hawajakunyoa.

Najua hamruhusiwi simu, ndiyo maana nimeshika kalamu kama mtu wa zamani. Barua hii nampa Mahad, yule mfanyabiashara wa mbuzi wa Matuu, kwa sababu kila wiki hufika Ndithini kununua mbuzi na hupita langoni kwenu. Amekubali, ila ameniomba nisimtangaze, watu wasije wakamgeuza posta.

Sasa sikia. Unakumbuka Kizobe? Usicheke. Ile lugha tuliyotunga tukichunga mbuzi kando ya mfereji pale Kithimani ndiyo mradi wangu wa kumalizia chuo. Nimeunda programu ya kompyuta. Unaipa sentensi ya Kizobe, inaikata vipande, halafu inakwambia kama imekaa sawa au imevunjika. Wenzangu wameunda mifumo ya zahanati na ya kuuza nafaka, mimi nimewaletea lugha isiyo na watu. Mwalimu anayenisimamia, Bi. Munyiva, aliniangalia sana, halafu akasema sawa, ila kwa sharti moja: sentensi za kuijaribu programu nisizitunge mimi. Anasema nikizitunga mwenyewe nitaandika zile tu ninazojua zitapita. Zitungwe na msemaji mwingine wa Kizobe.

Duniani kote msemaji huyo mwingine ni mmoja, na yuko Ndithini anasali.

Nisaidie, dada. Nitungie sentensi nzuri, na nyingine uziharibu makusudi, uvuruge maneno, kisha uziwekee alama ya X. Nzuri programu inafaa izikubali, za X inafaa izikatae. Andika chochote kile. Haijalishi zinasema nini.

Ndugu yako,
Musili


Nyumba ya Unovisi, Ndithini,
14 Mei 2025

Ndugu yangu Musili,

Hawajaninyoa. Barua yako nilipewa ikiwa imefunguliwa, na usikasirike, ndio utaratibu wa hapa. Mlezi wetu, Sista Loise, husoma barua za wanovisi, zinazoingia na zinazotoka. Aliniuliza Kizobe ni kabila la wapi. Nilipomwambia ni lugha ya watoto wawili akaruhusu niandike, ila kila sentensi niiwekee tafsiri ya Kiswahili kando, ajue ni nini kinachotoka nyumbani mwake.

Nilidhani ni kazi ya dakika chache. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya kanisa dogo na karatasi yangu, na hapo ndipo nilipoona umaskini wa lugha yetu. Nilitaka kuanza na "Mungu ni mwema." Kizobe hakina Mungu, Musili. Hakina wema, hakina asante wala samahani. Tulikitunga ili tupange kuiba maembe ya mzee Masila bila mtu kutuelewa, na tulitunga yale tu tuliyoyahitaji: lango, ua, mlinzi, mbwa, kulala, kula, kuruka, kukimbia, kujificha, kuangalia, kujua, embe, nyumbani. Nimegeuza maneno hayo kila upande, na kila sentensi inaelekea shambani kwa Masila.

Basi pokea nilichojaliwa:

Tolo zabi neku. Mlinzi analala langoni.
Mbwa hajui ua.
Embe linaruka mlinzi.
Neku tolo zabi tolo. X. (Hii nimeiharibu, haina tafsiri.)

Hiyo ya embe ni upuuzi mtupu lakini nadhani imekaa sawa, nataka kujua programu yako itasemaje. Nyingine, pamoja na Kizobe cha hizo mbili za katikati, ziko kwenye karatasi ya pili.

Nadhiri za kwanza ni tarehe kumi na tano Agosti, Baraza likinikubali. Kila mtu ananiambia nimebakiza kidogo tu. Nasikia Mwaitu ameshaalika kanisa zima la Kithimani, na majirani Waprotestanti juu yake. Wewe usiniulize kama niko tayari. Hapa na huko hakuna anayeuliza, nami nimezoea.

Dada yako,
Nzilani


Machakos mjini,
24 Mei 2025

Dada Nzilani,

Embe limeruka mlinzi na programu imelikubali bila kupepesa macho. Bi. Munyiva alicheka mpaka akatoa miwani. Nilimweleza kwamba programu haijui kama jambo ni la kweli, au hata kama linawezekana. Inajua tu kama sentensi imekaa sawa, basi. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Za X zote zimekataliwa, isipokuwa moja iliyopenya kwa sababu nilisahau kwamba neno haliwezi kurudiwa mara mbili. Nimeshaziba shimo hilo. Kwenye "mbwa hajui ua" programu ilikwama kabisa, nikatokwa na jasho mbele ya watu, lakini nayo imekubali sasa. Ningetunga sentensi mwenyewe nisingeyaona makosa hayo mpaka leo.

Sasa Bi. Munyiva ameona utamu anataka zaidi. Anasema sentensi zako zote zinahusu watu wengine na mambo ya sasa hivi. Tafadhali nitungie nyingi zenye "mimi", nyingi zenye "kesho", na za kuamuru, kama vile fanya hivi na usifanye vile. Na ziwe ndefu, mbili mbili zikiunganishwa na "halafu". Hizo ndizo zitakazoonyesha kama programu ina nguvu au inajitia tu.

Kuhusu kuwa tayari, sikuulizi. Umesema nisiulize.

Mdogo wako,
Musili


Nyumba ya Unovisi, Ndithini,
11 Juni 2025

Kwa Bwana Musili,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Sista Loise, mlezi wa wanovisi katika nyumba hii, na dada yako Nzilani ni mmoja wa walio chini yangu. Naandika kuhusu barua aliyonipa juzi ikuelekee wewe, ambayo sijairuhusu kutoka. Nakunakilia sehemu yake, kama alivyoitafsiri mwenyewe:

Kesho mlinzi atakula, halafu atalala.
Mimi nitaruka ua, halafu nitajificha.
Usiniangalie langoni.
Kesho mimi nitakimbia nyumbani na mbwa hatajua.

Bwana Musili, ombi lako la sentensi za namna hii nililisoma, lakini hukumwomba mlinzi wala ua. Tuna mlinzi hapa, na ni kweli kwamba akila hulala. Tuna ua, na tuna mbwa. Kabla ya kupewa kazi hii nilikuwa mwangalizi wa bweni la wasichana kwa miaka mingi, na nimewahi kushika barua za kutoroka ambazo hazikupangwa vizuri hivi.

Barua ya kwanza niliiacha ipite kwa kuwa ilikuwa na maembe. Hii ya pili haina hata embe moja.

Mnovisi si mfungwa. Anayeona si njia yake huaga, tukamwombea, akatoka kwa lango mchana kweupe. Kinachoniumiza ni kufikiri kwamba msichana niliyemlea ameona afadhali kuruka ua kuliko kuja kuniambia. Kabla sijamwita, nakuuliza wewe ndugu yake wa tumbo moja: je, amekuambia lolote? Baraza linaketi mwisho wa mwezi kuamua ni nani ataweka nadhiri. Siwezi kumpeleka huko mtu ambaye sijui moyo wake uko wapi.

Wako katika Kristo,
Sista Loise


Machakos mjini,
16 Juni 2025

Dada yangu mpendwa Nzilani,

Mahad aliponiletea barua ya Sista Loise alisubiri nisome, kisha akaniuliza nani amefariki. Ndivyo uso wangu ulivyokuwa.

Najua ni mimi niliyekuomba sentensi zenye "mimi" na "kesho". Kwanza nilicheka, nikasema huyu Sista ameingizwa mjini na lugha ya watoto. Halafu nikaisoma tena barua yako ya mwezi uliopita, pale uliposema hakuna anayekuuliza kama uko tayari, na kicheko kikaisha. Nakujua. Tangu utotoni ukiwa na jambo zito unalipitisha kwenye mchezo. Ulipoumwa jino ulilia kwa niaba ya mwanasesere wako mpaka Mwaitu akakuangalia kinywani. Uliniandikia kwa Kizobe nami nikakimbilia kuona kama sentensi zimekaa sawa. Nisamehe.

Jumamosi nilienda Kithimani kumwambia Mwaitu. Niliogopa kweli. Unajua alivyotembea nyumba kwa nyumba akialika watu, na unajua vile hapa kwetu wanavyomsema msichana aliyetoka konventi, kama vile amerudishwa na mume. Nilimkuta anapepeta ndengu. Alinisikiliza bila kuacha ungo, halafu akauweka chini.

"Mwambie arudi," akasema. "Mimi nilimzaa kabla hajaitwa Sista. Hao watu wa kanisa niachie mimi."

Basi akaingia chumbani kwako. Kitanda kilikuwa kimebeba magunia ya mahindi. Tumeyatoa yote, tumefagia, na godoro limeanikwa juani. Hakulia wala hakuuliza umekosa nini. Aliuliza tu kama bado hupendi kulala karibu na dirisha.

Na mimi pia niseme langu. Ulipoondoka nilikasirika, nikakuficha, nikakubebea sanduku huku natabasamu. Nimekukosa sana. Usiruke ua wowote, utaumia mguu. Mwambie Sista ukweli, utoke kwa lango, na mimi nitakuwa nje nakungoja.

Ndugu yako,
Musili


Nyumba ya Unovisi, Ndithini,
20 Juni 2025

Kwa Bwana Musili,

Tumsifu Yesu Kristo.

Niliuliza swali nawe hukunijibu mimi, ulimjibu dada yako, hali unajua kwamba anayesoma kwanza ni mimi. Nilitarajia utaniambia nimekosea. Badala yake nimesoma habari za godoro lililoanikwa juani.

Nimemwita Nzilani na kumpa barua yako aisome mbele yangu. Alicheka, kisha akalia sana, kisha akacheka tena. Anasisitiza kwamba zile ni sentensi za kujaribia mashine na hazina maana nyingine yoyote. Barua yako inasema zina maana. Mmoja wenu amekosea, na siwezi kulipelekea Baraza kicheko na machozi kama ushahidi.

Nimezungumza naye pia jambo lingine, ambalo atakueleza mwenyewe akipenda. Lakini kwa Baraza nahitaji neno lako. Niandikie mimi, waziwazi, na upesi.

Wako katika Kristo,
Sista Loise


Machakos mjini,
23 Juni 2025

Kwa Sista Loise,

Milele na milele, amina.

Aliyekosea ni mimi. Naomba unisamehe, Sista, na namwombea dada yangu asiadhibiwe kwa ujinga wangu.

Nzilani amekuambia ukweli mtupu. Mimi ndiye niliyemwomba, kwa maandishi ambayo wewe mwenyewe uliyapitisha, anitungie sentensi zenye "mimi", zenye "kesho", za kuamuru, na ndefu. Lugha yenyewe ina maneno machache, na yote ni ya watoto wanaotaka kuingia shamba la jirani na kutoka salama. Maneno ambayo dada yangu alikutajia katika barua yake ya Mei ndiyo karibu lugha nzima. Jaribu wewe mwenyewe, Sista, bila kukosa heshima. Chukua lango, ua, mlinzi, mbwa na nyumbani, tia "mimi", tia "kesho". Ukipata sentensi moja isiyofanana na mtu anayetoroka, nitakuja Ndithini kwa miguu kukupongeza.

Utauliza, kama nilijua hayo yote, kwa nini nikamwandikia vile? Nimejiuliza pia. Kazi yangu yote ya mwaka huu ni kufundisha mashine isijali kama sentensi ni ya kweli, iangalie tu imekaaje. Halafu ulipoziweka zilezile mbele yangu nilisahau imekaaje, nikaamini. Niliamini kwa sababu nilitaka iwe kweli. Nilitaka arudi nyumbani. Sikuwa nimejua kwamba nalitaka hilo kiasi hicho, na nilimvuta mama yangu ndani yake, na pengine nimemharibia dada yangu kitu alichokifanyia kazi kwa miaka.

Kama Baraza linataka kuniona, nitakuja. Kama linataka kumwona Bi. Munyiva, mwalimu wangu, yuko tayari kuja, na ataleta kompyuta. Mahad ameniambia mwezi huu amebeba barua nyingi kuliko mbuzi, lakini hii ameahidi kuiwahisha.

Mwenye heshima,
Musili


Nyumba ya Unovisi, Ndithini,
2 Julai 2025

Musili,

Nimekubaliwa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hujalala vizuri, na mimi pia. Baraza liliketi Jumatatu, na Sista Loise akasoma barua yako mbele yao wote, mpaka pale pa kuja Ndithini kwa miguu. Nilikuwa nje kwenye korido nimeshika rozari bila kusali, nikasikia kicheko cha watu wazima ndani, na hapo nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu Mei.

Barua yangu iliyozuiwa imeachiliwa, iko ndani ya bahasha hii. Zijaribu zote. Sista pia ameijaribu changamoto yako, alikaa na maneno yale jioni nzima akipika uji wa wagonjwa. Amepata "Kesho mbwa atakula embe." Anasema hakuna anayetoroka hapo, na anakungoja ufike kwa miguu kama ulivyoahidi.

Sasa lile jambo lingine. Siku aliponiita, barua zote mbili zilikuwa mezani, yangu na yako. Nilimweleza habari ya programu, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Haya, tuache mashine. Mimi nakuuliza wewe. Unataka kutoka?"

Musili, hilo ndilo swali nililokuwa nikiliogopa. Nilikuambia hakuna anayeuliza, ukadhani nalalamika, lakini moyoni nilishukuru kwamba hawaulizi, kwa sababu sikujua nitajibu nini. Nilikuwa nafua, nasali, nafundisha watoto wa katekisimu, na chini ya yote hayo kulikuwa na hofu kwamba siku mtu akiniuliza, nitafungua mdomo na jibu litakalotoka litakuwa lingine. Basi akaniuliza. Nikasema hapana, sitaki kutoka, kabla hata hajamaliza kuvuta kiti. Nilijishangaa. Nilitamani aniulize tena nilisikie jibu langu mara ya pili.

Ndipo akanipa barua yako. Nilicheka pale pa mwanasesere na jino. Nilipofika pale pa Mwaitu na magunia nililia, na Sista hakuelewa, akadhani ni majuto. Yalikuwa machozi ya nafuu. Kwa maana nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Tangu Mwaitu aanze kualika watu, nilikuwa nimeona kwamba nyumbani kumefungwa. Nilijua nikishindwa huku sitakuwa na mahali pa kuweka uso wangu Kithimani, kwa hiyo nisishindwe. Nilikuwa naenda kwenye nadhiri kama mtu anayesukumwa na umati kutoka nyuma. Ningesema ndiyo, na watu wangepiga vigelegele, na mimi mwenyewe nisingejua kama niliitaka au niliiogopa tu hapana.

Na kumbe mama yangu alikuwa tayari kutoa magunia na kuwakabili watu wa kanisa zima, bila hata kuniuliza nimekosa nini.

Kwa hiyo usiombe tena msamaha. Na usijifiche na hasira yako, iseme, mimi pia nimekukosa, na kila Jumapili wenzangu wanapotembelewa na ndugu zao huwa naangalia langoni. Baada ya nadhiri nitaruhusiwa kuja nyumbani kwa likizo fupi. Mwambie Mwaitu ninakuja na asichinje ng'ombe.

Mweleze yeye hili taratibu, asije akadhani amefagia chumba bure. Tarehe kumi na tano Agosti Askofu ataniuliza mbele yenu wote, nami nitasema ndiyo, na itakuwa ndiyo ya mtu mwenye pa kurudi.

Dada yako,
Nzilani